Alhamisi za Tazagul

Tazagul aliporudi kijijini Juni ile alikuwa amejifunza kucheka upya, na mimi sikumsamehe.

Nilikuwa zizini nakamua. Nikasikia kicheko barabarani, kicheko cha mtu aliyelala usiku kucha akaamka na hamu ya mkate, nikasema moyoni huyu ni mgeni, sisi wa hapa hatucheki hivyo kabla ya chai. Kuchungulia, ni yeye. Koti jipya la kijani, mkoba begani, mashavu yamejaa. Yule yule ambaye miaka mitatu nyuma mwanawe alimbeba mgongoni hadi kwenye gari kama gunia la viazi.

"Bi harusi!" akaniita kutoka langoni. "Bado unakamua umenuna? Ndiyo maana maziwa yako yanachacha mapema!"

Nina miaka sitini na saba. Niliolewa miaka arobaini na sita iliyopita. Tazagul ananizidi miaka miwili tu, lakini yeye aliolewa na kaka mkubwa na mimi na mdogo wake, kwa hiyo mpaka mmoja wetu afukiwe, yeye ni dada na mimi ni bi harusi. Yeye hukaa mahali pa heshima, mkabala na mlango. Mimi hukaa karibu na birika. Jina la marehemu mumewe sitaliandika hapa. Mke wa mdogo halitaji jina la kaka mkubwa, akiwa hai au akiwa amekufa, na sioni kwa nini kalamu iruhusiwe kitu ambacho ulimi umekatazwa. Wangu aliitwa Sarybek. Huyo namtaja nipendavyo.

Mume wa Tazagul alitangulia. Siku arobaini zikapita, yeye bado amekaa anatazama ukuta. Mwezi wa tatu bado ukuta. Mimi ndiye niliyemlisha mchuzi kwa kijiko, mimi niliyemwosha nywele na kuzisuka, naye hata ahsante hakusema, alikuwa kama mlango. Ndipo mwanawe akaja akampeleka Bishkek. Mwaka uliofuata Sarybek wangu akafa, tena Tazagul hakuja mazishini. Alituma salamu na kondoo.

Lakini mimi niliomboleza vizuri, jamani. Waulizeni. Nilikaa ndani ya hema la msiba, uso ukutani, mikono kiunoni, nikamwimbia Sarybek maombolezo siku tatu, mpaka wanaume waliokuja kula nyama tu wakalia kweli. Nikavaa nyeusi mwaka mzima. Ilipofika karamu ya kumaliza mwaka, wanawake wakanivua nyeusi, wakanifunga kitambaa cheupe, wakanibusu. Na kwetu nyeusi ikivuliwa, msiba umekwisha. Ukilia baada ya hapo unamtia marehemu maji kaburini.

Basi mimi nikawa mtu aliyemaliza.

Tazagul aliketi mahali pake pa heshima, nikamwandalia maandazi, malai, jemu ya zabibu za porini. Nikamimina chai. Alipomaliza kusifia malai, akasema, bila haya yoyote, "Daktari wangu amenikataza kula malai nikiwa na hasira."

Daktari wangu! Kama mtu anavyosema mshonaji wangu.

"Daktari wako wa nini? Wa mgongo?"

"Wa moyo."

"Moyo umefanyaje?"

"Siyo huo unaodunda, bi harusi. Ule mwingine."

"Kwani una miwili? Nusu ya kijiji hatuna hata mmoja."

Akacheka. Zamani asingecheka, angeninunia. "Kila Alhamisi, saa tano asubuhi," akasema. "Naketi kwenye kiti chenye mikono, naye anaketi mbele yangu, saa nzima."

"Anakufanyia nini saa nzima?"

"Ananisikiliza."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ananisikiliza. Kuna na kidonge, kimoja asubuhi. Lakini kazi yake hasa ni kusikiliza."

"Na akichoka?"

"Hachoki. Amesomea."

Roho ilinikereketa kama niliyemeza mwiba wa samaki. Kuna mtu amesomea kumsikiliza Tazagul! Mimi nimemsikiliza miaka arobaini bila cheti, huku nakanda unga. Nilimwonea Tazagul wivu alipopata dirisha la vioo viwili, nikamwonea wivu alipozaa mapacha, nikamwonea wivu hata kwa kile kidoti chake shavuni. Huo wote ulikuwa wivu wa mchezo. Huu sasa ulikuwa na meno.

Siku ya tatu nikammiminia chai mpaka ukingoni.

Kwetu mgeni humiminiwa nusu kibakuli, pungufu ya nusu kama anapendwa. Maana yake: kaa, nitakuongeza, na nitakuongeza tena. Kibakuli kikijaa, maana yake ni kunywa, shika kofia yako, farasi anakusubiri. Tazagul akakitazama kile kibakuli kilichojaa. Akanitazama mimi.

"Mkono umeteleza," nikasema.

"Umezeeka, bi harusi," akasema, na akakaa wiki mbili zaidi. Mtu gani huyo!

Sasa niseme kilichokuwa kinanila, maana nisipokisema mtadhani ni roho mbaya tupu. Roho mbaya ipo, lakini haikuwa peke yake.

Tangu nivuliwe nyeusi nilikuwa silali. Nikipata usingizi wa saa mbili ni karamu. Mchana natania watu, nacheza na maneno, majirani wanasema Burulkan bwana, huyo kifo kitamwogopa. Kisha mara mbili, majira ya kuchipua yale, nikajikuta darajani kumekucha. Ndoo mkononi, na kisima changu kiko uani. Nilisimama nikitazama maji mpaka miguu ikafa ganzi, nikarudi nikakamua. Hakuna aliyejua isipokuwa ng'ombe. Yeye nilimwambia yote, kichwa changu kikiwa ubavuni mwake. Anasikiliza vizuri, sikatai, lakini anacheua.

Ningemwambia nani? Zahanati yetu ni chumba kimoja na Nesi Zuura, mtoto mzuri, ana mizani, ana bendeji na matone ya mnanaa. Mafua, matone. Mapigo ya moyo, matone. Nilimwambia silali, akanipa matone, nikanuka kama peremende na sikulala. Apal, mganga wa ng'ambo ya mto, alishika bakuli la maji baridi juu ya kichwa changu akamwaga humo risasi iliyoyeyushwa, ili ionyeshe nilichoogopa. Ikaganda. Tukaigeuzageuza. "Ni ngamia," akasema Apal. "Uliogopa ngamia?" Sijaona ngamia tangu nizaliwe. Wilayani nako, saa mbili kwa gari, kuna mlango umeandikwa daktari wa akili, na kufuli lake limeota kutu; watu wanasema aliyekuwemo alienda Urusi kupaka rangi nyumba. Na hata kama angekuwepo, nani aende? Ukionekana kwenye ile korido, mpaka ufike nyumbani binti yako wa mwisho amekosa mchumba.

Na mwenzangu ana Alhamisi.

Siku anaondoka nikashika shavu. "Uuuh," nikasema.

"Nini tena?"

"Jino, dada. Usiku kucha. Huku hakuna wa kuling'oa ila fundi wa viatu vya farasi."

Akaniangalia kwa jicho moja, kama kuku anavyoangalia nafaka asiyoiamini. "Panda gari," akasema. Nikamwachia jirani ng'ombe, nikafunga kitambaa kichwani kuzunguka taya, nikapanda. Saa saba za barabara niliugua kwa ustadi mkubwa. Kwenye makorongo niliugua zaidi.

Nyumba yake iko ghorofa ya tano. Maji ya moto yanatoka ukutani. Dukani kwenye ghorofa ya chini wanauza mkate mpaka jioni, na ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa, na baada ya duka la dawa kuna lingine la dawa, kama watu wa kule hawana kazi ila kuumwa. Nilikaa dirishani nikahesabu: kituo cha macho, kituo cha meno, kituo cha miguu ya watoto. Kila kiungo cha mtu wa mjini kina nyumba yake. Vyetu vyote viko kwenye mizani ya Zuura.

Usiku Tazagul akaleta taa. "Fungua mdomo."

"Kesho nitatafuta mwenyewe wa kunitazama."

"Fungua, bi harusi."

Nikafungua. Akamulika kushoto, akamulika nyuma, akazima taa.

"Upande huo huna jino hata moja tangu harusi ya mwanao Maksat," akasema. "Ulivunja la mwisho kwenye mfupa wa goti. Nilikuwepo."

Nikafunga mdomo.

"Kesho ni Alhamisi," akasema Tazagul. "Utaingia wewe."

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha jino."

Sikumshukuru. Nililala kwenye godoro lake laini macho makavu, nikifikiria: kwa hiyo nimefika hapa. Koti alinipa lake la zamani, viatu alinipa vyake vya zamani, sasa na saa atanipa yake. Na yeye atakaa nje akihesabu dakika na kujiona mtakatifu.

Daktari aliitwa Inessa. Jina la Kirusi, sura ya Kikorea, na Kikirgizi chake kilinyooka kama kimepigwa pasi; mtu hasemi hivyo ila amejifunza ukubwani kitabuni. Mdogo, kama wa umri wa mwanangu. Chumbani mlikuwa na viti viwili vyenye mikono, sanduku la karatasi za kufutia machozi, na mmea uliokuwa unaumwa kuliko mimi. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Hilo nikalipenda. Akaniuliza nimelalaje, nikasema kama farasi, nimesimama. Akatabasamu. Nikajisemea moyoni, haya, Burulkan, huyu anafaa, sasa lete ile habari ya darajani. Nikavuta pumzi.

Naye akainuka, akachukua chupa ya chai, akanimiminia.

Akamimina mpaka nusu. Hakuacha. Akamimina mpaka robo tatu. Nilikuwa natazama kile kikombe kama mtu anayetazama mbuzi wake anaingia shamba la watu. Akajaza mpaka ukingoni, mpaka kikatuna, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, na tabasamu juu.

Basi! Nikaelewa yote. Tazagul amekwisha mwambia: atakuja kikongwe mmoja wa milimani, mwenye kijicho, mpe chai aende. Mimi nimepanda gari saa saba na kitambaa tayani, na sijakaa hata joto likashika kiti, tayari farasi wangu anasubiri nje. Lakini mtu aliyelelewa halii akifukuzwa. Nikashika kikombe kwa adabu, nikakinywa chote kikiwa cha moto, ulimi ukaungua, machozi yakanitoka ya kuungua tu. Nikapitisha viganja usoni, "Omin," nikamwombea watoto na mavuno, nikasimama.

"Mama, lakini tumeanza sasa hivi…"

"Umenikirimu vya kutosha, mwanangu," nikasema, na nikatoka.

Tazagul alikuwa kwenye benchi la korido anafuma soksi. Hata kisigino alikuwa hajafika. Pembeni yake palikuwa na kijana mwenye kofia iliyovutwa mpaka nyusi, na mwanamke mnene wa makamo mwenye gazeti.

"Umepona?" akasema Tazagul.

"Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na daktari wako uliyemfundisha. Amenimiminia kikombe mpaka kikamwagika! Ungeniambia tu kwa mdomo, dada, kwamba saa yako hutaki niiguse. Si lazima umtume mtoto wa watu."

Tazagul akaacha kufuma. Kisha akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Lo. Kweli huwa anajaza."

"Wewe anakujazia?"

"Kila Alhamisi. Mwaka mzima."

"Na hukuondoka?"

"Niondoke nilikuwa na miguu? Nilikuwa siwezi hata kusimama, bi harusi. Nilikaa tu. Nilidhani ndivyo wanavyokunywa Wakorea."

Mwanamke wa gazeti akajifanya anasoma. Kijana akavua kofia kidogo ili asikie vizuri.

"Rudi ndani," akasema Tazagul. "Hajui, hajakulia kwetu. Ni chai tu."

"Sirudi."

"Rudi, unapoteza saa."

"Saa yako!" nikasema, na sasa sauti ikapanda, nayo sauti yangu imezoea kuita farasi ng'ambo ya mto. "Saa yako, kiti chako, daktari wako! Ulikaa ukitazama ukuta, nikakulisha kwa kijiko. Mwanao akaja akakubeba. Mimi wa kunibeba yuko wapi? Wangu yuko Moscow anabeba matofali! Ungekuwa huku ungebaki na ukuta wako mpaka leo. Una Alhamisi hamsini kwa mwaka, mimi nina ng'ombe! Umepata nini wewe nisichostahili mimi? Uliumia zaidi? Hata kumlilia mumeo hujui, uliwalipa akina Apal wakulilie! Mimi nililia vizuri, nikavaa nyeusi, nikavua, nikafanya kila kitu kwa utaratibu, na ni mimi niliyejikuta darajani na ndoo, mara mbili, sijui nimefikaje, natazama maji, na hakuna hata mbwa aliyebweka!"

Mahali fulani simu ililia, ikaachwa ilie.

Nikajua nimesema. Nilitaka kuyarudisha mdomoni kama mtu anayekusanya shanga, lakini zilikuwa zimekwisha tawanyika kila upande.

Tazagul hakunikumbatia. Angenikumbatia ningemng'ata. Aliweka soksi chini, akasimama, akanishika ncha ya kitambaa cha kichwa kama anavyoshikwa ndama kamba, akanivuta mpaka mlangoni, akagonga kwa kiwiko na kuufungua.

"Daktari," akasema. "Nusu kikombe. Nusu tu. Na usiache kummiminia."

Kisha akanisukuma mgongoni, akafunga mlango nyuma yangu.

Yaliyosemwa mle ndani sitayaandika, nyie mnapenda umbea kuliko mimi. Nitasema mawili tu. Nilimuuliza kama ataniandika kwenye daftari na kijiji kizima kijue, akanigeuzia karatasi nione, akasema, "Naandika nisisahau. Haitoki humu." Na aliniuliza wazi, bila kuzungukazunguka, kama pale darajani nilitaka kufa. Nikasema sijui. Watu wote niliowahi kuwajua wangenifunga mdomo hapo, wangesema tubu, wangesema tema mate. Yeye akasema, "Sijui ni jibu. Tuanzie hapo." Akaniongeza chai nusu. Nilikunywa vikombe tisa. Saa ilipokwisha bado nilikuwa sijafika kwenye mwaka wa pili wa ndoa.

Nilipotoka, Tazagul alikuwa amemaliza soksi moja na kuanza ya pili. Njiani kurudi akasema tu, "Sikuja kumzika Sarybek."

"Ulituma kondoo."

"Nilikuwa siwezi kuvaa viatu, Burulkan. Nilivitazama kutwa nzima."

Hajawahi kuniita kwa jina langu, si kabla ya hapo wala baada ya hapo. Tukapanda ngazi zote mpaka ghorofa ya tano, yeye mbele mimi nyuma.

Sasa msifikiri mambo yaliisha kama harusi. Daktari Inessa alisema tuonane kila wiki, angalau mpaka majira ya kuchipua, na kidonge kila asubuhi. Kila wiki! Nikacheka mpaka nikakohoa. Nyasi zinasubiri kukatwa, ng'ombe yuko kwa jirani ambaye humkamua kama anayekamua kitambaa kilicholowa, na Novemba ikifika ile njia ya mlimani inafungwa na theluji, hata maiti husubiri. Tazagul akasema nikae kwake. Nilikaa Alhamisi mbili zaidi, akanipa zote mbili, naye kila mara alirudi nyumbani kimya na kujifungia bafuni muda mrefu. Mara ya pili nilisikia maji yanamwagika na yeye haogi. Nikajua ni nini nilichokuwa nakula. Na bado, niseme kweli, sikutaka kuacha. Kama asingekuja mwenyewe kuniambia, "Bi harusi, ijayo naihitaji," ningeichukua na ile.

Nikarudi kijijini kwetu At-Jailoo na kikaratasi cha dawa. Vidonge anaviweka Zuura kabatini, ananipa vya wiki, na ameapa kwa mkate, kiapo kizito kwetu, kwamba hatasema. Na saa yangu ni ya simu. Kijijini mtandao haupatikani ila juu ya kilima cha wachunga farasi, kwenye jiwe moja. Ukishuka hatua mbili daktari anakuwa mluzi. Kila Jumatano saa nne napanda na fimbo, koti la manyoya, chupa ya chai na kibakuli. Najimiminia nusu.

Napata usingizi wa saa tano sasa, siku nyingine sita. Daraja nalipita nikiwa na shughuli ng'ambo, na Jumatano naulizwa nimelipitaje.

Lakini wivu haujatoka. Yule kule ana kiti chenye mikono, mimi nina jiwe linalonigandisha makalio. Ana saa nzima. Mimi nina dakika arobaini, kwa kuwa betri ya simu yangu haivumilii baridi zaidi ya hapo. Nilimuuliza daktari wazi: dakika zangu ishirini zinakwenda kwa nani? Alicheka, kisha akasema huo wivu nao ni wa kuzungumzwa, tutaufikia, uko wa tatu kwenye orodha. Nikasema sawa, lakini orodha ya Tazagul ina mambo mangapi? Hakuniambia.

Wiki iliyopita theluji ya kwanza ilianguka. Nilikuwa juu, nimeanza kumweleza habari ya mkwe wangu na lile sufuria, nikaona mtu anapanda. Kenjekan, mke wa yule mpiga chapa wa farasi aliyepotea na gari lake kwenye maporomoko ya theluji mwaka jana wakati kama huu. Anapanda anasimama, anapanda anasimama. Alipofika mahali pa kusikika akaniita, "Eje, dada, hujaona ndama wangu?"

Kenjekan hana ndama. Alimuuza mwezi wa tisa, kijiji kizima tulikuwepo.

Alikuwa amefunga kitambaa cheupe, kipya, mikunjo ya dukani bado imo. Haitazami simu, haitazami uso wangu. Anatazama mto kule chini.

"Mama, bado upo?" akauliza daktari sikioni.

Nikamimina chai kwenye kibakuli, chini ya nusu, nikakiweka kwenye theluji hatua sita kutoka kwenye jiwe langu, upande ambao upepo haupeleki maneno, nikamwonyesha Kenjekan kwa fimbo akae pale, ageuke, anisubiri. Akakaa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano, na zilikuwa zangu.